Ukingo wa Picha ni Uamuzi: Somo kutoka Uwanda wa Makonde

Kwa muda mrefu picha ya gazeti imepokelewa katika nchi yetu kama shahidi asiyeweza kusema uongo. Maneno ya mwandishi hubishaniwa, takwimu huhojiwa, hotuba huchambuliwa. Lakini picha ikishawekwa mezani mabishano hukoma. Mtu husema, "Si unaona mwenyewe?" na hudhani amemaliza hoja. Sisi tunasema kwamba hapo ndipo hoja inapoanza.

Kila picha ina kingo nne, na kila ukingo umewekwa na mtu. Mtu huyo ana mwajiri, ana tabaka, ana haraka zake na ana lengo lake. Anapoweka ukingo anaamua nani ataonekana na nani atasahauliwa, jambo gani litaitwa habari na jambo gani litaachwa kama takataka za chumba cha giza. Uamuzi huo haukai nje ya mapambano ya wanyonge dhidi ya wanaowatawala. Ni sehemu ya mapambano hayo, na wakati mwingine ndio silaha yake kuu.

Katika makala hii tunachunguza historia ya jambo hilo katika eneo moja la nchi yetu, yaani Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, kuanzia mwaka 1906. Tumelichagua eneo hili kwa sababu mbili. Kwanza, limepitiwa na kamera za kila namna: ya mtafiti wa kikoloni, ya wapigania uhuru wa Msumbiji, na ya magazeti ya Chama na Serikali. Pili, ni eneo lililomzaa mmoja wa wahariri wakuu wa magazeti hayo, marehemu Ndugu Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alishika uhariri wa The Nationalist mwaka 1966, kisha wa Daily News lilipoanzishwa mwaka 1972, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata, kabla ya kuwa Rais wa nchi kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Basi watu wa kusini hawakuwa wa kupigwa picha tu. Walikuwamo pia katika kuamua picha zipi zichapwe. Ndiyo sababu somo hili haliwezi kuishia katika kumlaumu mgeni peke yake.

Picha Inavyotengenezwa

Kabla ya historia ni lazima tuelewe kazi yenyewe. Picha ya habari hukatwa mara nne kabla ya kumfikia msomaji.

Mkato wa kwanza hufanyika mahali pa tukio. Mpiga picha anachagua asimame wapi, atumie lenzi gani na abonyeze kitufe dakika ipi. Mkato wa pili hufanyika katika kusafisha picha, ambapo fundi wa chumba cha giza huweza kukuza sehemu moja ya filamu na kuiacha nyingine. Mkato wa tatu ni wa mhariri. Zamani alichora mistari ya penseli juu ya picha kumwonyesha mpiga chapa sehemu ya kuchukua, na mara nyingi alikata kwa sababu ya nafasi tu katika ukurasa. Mkato wa nne hauonekani kuwa mkato, nao ni maelezo yanayoandikwa chini ya picha pamoja na habari inayowekwa jirani yake.

Tuchukulie mfano. Mkutano wa hadhara umeitishwa Mnyambe, wilayani Newala, na wamehudhuria watu 40. Mpiga picha akisogea karibu, akapiga magoti, akajaza picha yake kwa vichwa vya watu 15 waliokaa mbele, msomaji wa Dar es Salaam ataona umati. Akipanda juu ya kichuguu kule nyuma, msomaji ataona mabenchi matupu na watu wachache waliojitenga kivulini chini ya mkorosho. Picha zote mbili ni za kweli na hakuna iliyochorwa kwa mkono. Lakini ya kwanza inasema wananchi wameitikia wito, na ya pili inasema wamesusa.

Ipo kweli ya tatu. Huenda wananchi hawakufika kwa sababu ni msimu wa kuokota korosho, au kwa sababu akina mama wameteremka bondeni kutafuta maji. Kweli hiyo haimo katika picha ya kwanza wala ya pili. Hakuna lenzi inayoweza kuionyesha kutoka uwanjani pale. Lazima mtu aulize. Kada anayehesabu vichwa vilivyomo pichani bila kuuliza juu ya vilivyomo mashambani ameacha kazi yake ya siasa na amekuwa mtazamaji tu.

Kamera ya Mkoloni, 1906

Katikati ya mwaka 1906 alifika Lindi Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig. Safari yake ilikuwa na baraka na fedha za serikali ya kikoloni. Kutoka Lindi alikwenda Masasi na Chingulungulu, kisha akapanda uwandani hadi Newala na Mahuta. Alibeba kamera, fonografu ya kunasa sauti katika mitungi ya nta, na mashine ya filamu. Mwaka 1908 alichapisha kitabu cha safari yake, na mwaka 1909 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner. Kwa wasomaji wengi wa Ulaya picha zile zilikuwa mara yao ya kwanza kuwaona Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Waliona nini? Waliona sura ya mwanamke aliyevaa ndonya mdomoni. Waliona migongo na matumbo yenye chale, nyumba, mitego, ngoma, vijana wa jando. Machifu walitajwa kwa majina, kama Matola wa Chingulungulu. Watu wa kawaida, wengi wao, hawakupewa majina. Waliandikwa kabila lao na mahali walipopigwa picha, kana kwamba ni mimea iliyokusanywa kwa ajili ya kabati la makumbusho.

Sasa tutazame tarehe. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Mwezi Agosti mwaka huo huo wapiganaji walifika Masasi na kuichoma misheni ya UMCA iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1876. Serikali ya Gavana von Götzen ilijibu kwa bunduki, kisha kwa njaa. Majeshi yake yalichoma mashamba na maghala ili watu washindwe kupigana. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba wamekufa watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alifikisha idadi hiyo kati ya 250,000 na 300,000. Weule aliingia Masasi chini ya mwaka mmoja baada ya misheni kuungua, naye alitembea akilindwa na askari wa serikali ile ile iliyochoma maghala.

Hatusemi kwamba Weule aliificha vita ile, kwani maandishi yake yanaitaja. Lakini maandishi na picha havisafiri pamoja. Kitabu ni kizito na picha ni nyepesi. Picha hutolewa kitabuni, ikawekwa ukutani, ikaonyeshwa katika mihadhara, ikachapwa upya mahali pengine, na inapofika huko imeshaachana na kurasa zinazotaja vita. Linalobaki ni uso na ndonya. Mtazamaji wa Leipzig haulizi kwa nini mwanamke yule hatabasamu. Anaambiwa kwamba hiyo ndiyo "aina" ya kabila lake, naye anaamini.

Tena, ni nani angeweza kukataa kupigwa picha? Mtu aliyeshuhudia askari wakichoma chakula cha mwaka mzima, akiambiwa na askari wengine kwamba asimame wima mbele ya sanduku la Mzungu, alisimama. Askari hao wamo katika picha hiyo ingawa hawaonekani. Wako hatua chache nje ya ukingo, na ndio wanaomfanya mtu asimame hivyo.

Hata hivyo hatuwaiti wananchi wachome picha za Weule. Vijana wetu wanaweza kujifunza kutokana nazo ufundi wa kujenga, mitindo ya nywele, zana na ngoma za mababu zao. Tunachotaka ni kuurudisha ukingo uliokatwa. Tukiweka mwaka 1905 kando ya picha ya mwaka 1906, mwanamke yule haonekani tena kuwa "aina" ya kabila. Anakuwa mtu aliyepita katika vita na njaa, akabaki hai, na sasa anamtazama mwakilishi wa wale waliomshinda. Picha haikuguswa hata kidogo, lakini maana yake imepinduka.

Maneno Chini ya Picha

Ili tuone jinsi maelezo yanavyoweza kufanya kazi ya mkasi, tuvuke mpaka kwenda Kenya. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alijeruhiwa na kukamatwa karibu na Nyeri. Wakoloni walimpiga picha akiwa amelala, amefungwa pingu, nywele zake ndefu zimesokotana. Waliisambaza picha hiyo wakiwa na lengo moja, nalo ni kuwaonyesha wananchi kwamba yule waliyemwogopa na kumtumaini amekwisha. Tarehe 18 Februari 1957 walimnyonga katika gereza la Kamiti.

Lakini picha haikukubali kukaa chini ya maelezo yake. Baada ya Uhuru wananchi wa Kenya waliichukua picha ile ile, yenye pingu zile zile, wakaiweka katika mabango na fulana kama picha ya shujaa. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Mkoloni aliandika chini ya picha "tumemshinda". Wananchi walifuta maneno hayo wakaandika "hakukubali kushindwa". Funzo tunalolipata ni kwamba maana haikai ndani ya karatasi. Inategemea nani ana haki ya kuandika maelezo, na haki hiyo hupatikana kwa mapambano.

Mto Ruvuma: Siri na Uongo

Turudi kusini. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 ilianza vita vya ukombozi katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, ambako Wamakonde wanaishi kama wanavyoishi Newala. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, na majeruhi walivushwa mto wakatibiwa Mtwara. Serikali ya kifashisti ya Ureno ilikana kwamba kuna maeneo yaliyokombolewa. Ilidai kwamba ni majambazi tu wanaotumwa kutoka Tanzania.

FRELIMO ilijibu kwa picha. Ulimwengu ulionyeshwa watoto wakisoma chini ya miti, wakulima wakibeba mizigo ya jeshi lao, akina mama wenye bunduki. Picha hizo nazo zilikuwa na kingo. Hazikuonyesha njia iliyotumika kufika pale, wala mlima ulio nyuma ambao rubani wa Kireno angeutambua, wala idadi ya silaha. Kwa hiyo mtu mbishi anaweza kuuliza: ikiwa Weule alikata na FRELIMO nayo ilikata, tofauti ni nini? Je, si kila mtu anakata kwa faida yake?

Swali hili ni zito, na kada asiyekuwa na jibu lake atajikuta ama anatetea kila picha ya upande wake ama anazikataa picha zote. Sisi tunapendekeza kipimo kimoja. Tusiulize tu kama kitu kimeachwa nje ya picha, kwa maana kila picha huacha kitu. Tuulize: yule aliyeachwa nje, akionyeshwa picha hiyo na kuelezwa sababu, angekubali?

Mwanakijiji wa Cabo Delgado ambaye njia ya kijiji chake haikuonyeshwa angekubali mara moja, kwa sababu ukingo ule ulimlinda asipigwe mabomu. Hiyo ni siri, na siri ya vita vya haki ni halali. Mwanamke wa Mahuta ambaye vita na njaa yake viliachwa nje ili abaki kuwa kielelezo cha kabila asingekubali, kwa sababu ukingo ule ulimnyang'anya historia yake. Huo ni uongo, hata kama kila chembe ya picha ni ya kweli. Siri humkinga aliyeachwa nje. Uongo humfuta.

Magazeti Yetu na Operesheni Vijiji

Kipimo kisichotumika nyumbani ni kipimo cha mfukoni. Mwaka 1962, katika kijitabu chake cha Tujisahihishe, Mwalimu Nyerere alikifundisha Chama kwamba kukosoa na kujikosoa ni wajibu. Basi tuyatazame magazeti ya Chama na Serikali ya miaka ya 1970 kwa jicho lile lile tulilomtazamia Weule.

Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia vijijini. Katika mkoa wa Mtwara kazi ya kukusanya watu ilikuwa imekwisha kuanza mapema, kwa sababu za ujamaa na pia kwa sababu za ulinzi wa mpaka. Msomaji wa magazeti ya wakati ule atazikumbuka picha zake: nyumba mpya zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, kiongozi ameshika jembe, wananchi wanacheza ngoma ya kuwapokea wageni. Picha hizo hazikubuniwa. Nyumba zilikuwapo na ngoma zilichezwa. Tena shule, zahanati na mabomba ya maji yaliyoletwa vijijini yaliokoa maisha ya watu, na hatutaki mtu yeyote ayakate hayo nje ya picha ili kuufurahisha ubepari.

Lakini ni nini kilichokuwa nje ya ukingo? Nje ya ukingo palikuwa na mikorosho.

Uchumi wa mkulima wa Newala na Masasi ulisimama juu ya mkorosho. Mti huu hauhamishwi. Unataka kupaliliwa chini yake kabla ya msimu, kwa sababu korosho huanguka zenyewe na huokotwa ardhini. Mkulima aliyehamishiwa kijiji kilicho mbali na shamba lake hakuweza kwenda kila siku. Majani yaliota, korosho zikapotea majanini, moto wa kiangazi ukaunguza miti. Uzalishaji wa nchi, ambao katika msimu wa 1973/74 ulifika kiasi cha tani 145,000, ulishuka hadi chini ya tani 17,000 katika msimu wa 1986/87.

Tuwe wa haki hapa pia, tusikate upande mmoja. Uhamisho haukuwa sababu pekee. Bei aliyolipwa mkulima haikulingana na kupanda kwa gharama za maisha, miti mingi ilikuwa imezeeka, na ugonjwa wa ubwiri unga uliingia na kuharibu maua ya mikorosho. Lakini katika miaka hiyo hiyo viwanda vikubwa vya kubangua korosho vilijengwa Newala, Masasi na sehemu nyingine za kusini kwa mikopo ya nje. Kiwanda kinapendeza kupigwa picha. Mashine inang'aa na utepe unakatwa. Shamba lililoota majani kilomita nane kutoka hapo halina utepe. Hivyo nchi iliona picha za mashine, haikuona kwamba korosho za kulisha mashine hizo zinapungua.

Tutumie sasa kipimo chetu. Je, mkulima wa Newala ambaye shamba lake liliachwa nje ya picha, akielezwa sababu, angekubali? Ukingo ule haukumlinda na adui yeyote. Haukuwa siri ya vita. Ulimlinda mtendaji aliyetaka taarifa yake ya wilaya ipendeze mkoani, na ya mkoa ipendeze taifani. Basi hasara ya kwanza ya picha zile haikumpata mkulima. Iliupata uongozi wenyewe. Chama kilijinyima macho. Kwa kuona nyumba zilizonyooka kila asubuhi gazetini, viongozi wengi waliamini kwamba kazi imekamilika, na kosa ambalo lingeweza kusahihishwa mapema likaachwa likomae.

Hatusemi haya ili kumtwika mzigo mhariri mmoja au mpiga picha mmoja. Mpiga picha alipelekwa kwa gari la wilaya, akaonyeshwa kijiji alichoandaliwa, akarudishwa kabla ya giza. Mkato wa kwanza ulikuwa umekwisha kufanywa na ratiba ya ziara. Tena ni haki kukumbusha kwamba Mwalimu mwenyewe alipotathmini Azimio la Arusha mwaka 1977, baada ya miaka kumi, alisema wazi kwamba Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Hapo kiongozi mkuu aliupanua ukingo kuliko magazeti yaliyokuwa yakimsifu. Makada walipaswa kuufuata mfano huo.

Mkasi Mmoja, Dunia Mpya

Asije mtu akadhani kwamba hayo ni mambo ya kale, ya sahani za kioo na penseli za wahariri. Mwezi Januari 2020 Vanessa Nakate, kijana wa Uganda anayepigania hali ya hewa, alikuwa Davos, Uswisi, pamoja na wenzake wanne kutoka Ulaya, akiwamo Greta Thunberg wa Sweden. Watano hao walipigwa picha wakiwa wamesimama pamoja. Shirika la habari la Associated Press la Marekani lilisambaza picha yenye watu wanne. Aliyekatwa alikuwa Nakate, Mwafrika pekee kati yao. Shirika lilieleza kwamba mpiga picha alikuwa na haraka na kwamba jengo lililokuwa nyuma ya Nakate liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye liliomba radhi na kutoa picha kamili. Nakate alijibu kwamba halikufuta picha tu, limefuta bara zima.

Tukubali, kwa ajili ya hoja, kwamba fundi yule hakuwa na nia mbaya. Hapo ndipo palipo na somo. Ubeberu ukishazeeka hauhitaji mtu mwenye chuki kila mahali. Unahitaji tu mazoea ya kuona kwamba, jengo likiharibu picha, anayeweza kuondolewa pamoja na jengo hilo bila hasara ni yule Mwafrika. Na mtu huyu hakuwa ameachwa kwa ulinzi wake. Aliulizwa na dunia, akajibu kwamba hakukubali. Kipimo chetu hapa kilitumika hadharani, tena na aliyekatwa mwenyewe.

Lakini Nakate alikuwa na njia ya kujibu. Mwanamke wa mwaka 1906 hakuwa nayo. Mkulima wa mwaka 1974, ingawa alikuwa raia wa nchi huru yenye Chama chake, naye hakuwa nayo ya kutosha. Hilo la tatu ndilo linalopaswa kumsumbua kada.

Wajibu wa Kada

Leo mkasi umo mikononi mwa kila mtu. Katibu wa tawi, mwalimu, mwanafunzi na bwana shamba wote wana simu ya mkononi, na kwa kidole kimoja wanaweza kufanya kazi iliyomtaka zamani fundi na mhariri. Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo yawe sehemu ya mafunzo katika matawi na vyuo:

(a) Kila picha inayotumwa pamoja na taarifa iandikwe mahali, tarehe, aliyeipiga na idadi ya waliokuwapo, si ya walioonekana tu.

(b) Watu wa kawaida waulizwe majina yao, na wakikubali yaandikwe, kama tunavyoandika ya viongozi. Tusirudie desturi ya kuwaita wananchi "mwanamke wa kijijini" au "wakulima wakishangilia".

(c) Picha nzima, kabla ya kukatwa, ihifadhiwe. Anayetaka kuikagua aweze kuikagua.

(d) Mradi usipigwe picha siku ya ufunguzi tu. Uwandani shida ya maji ni ya kale, kwa sababu udongo wa juu hunyonya mvua na chemchemi ziko chini ya miteremko. Wageni wanaopiga picha ya mandhari katika Shimo la Mungu pale Newala huiona Ruvuma kwa mbali, hawaoni vizazi vya akina mama waliopanda miteremko hiyo wakiwa na maji kichwani. Bomba lililopigwa picha likitoa maji lipigwe tena baada ya miezi sita, liwe linatoa au halitoi.

(e) Picha ya kijiji ionyeshwe kwanza kijijini kabla ya kutumwa wilayani. Wananchi waulizwe swali moja tu: ni nini kilichoachwa nje? Majibu yao yaandikwe na yatumwe pamoja na picha.

Wako watakaosema kwamba utaratibu huu utawapa maadui zetu silaha. Jibu letu ni kwamba adui hakuhitaji picha zetu ili kujua kwamba korosho zimepungua. Alihesabu magunia bandarini. Waliokosa habari hiyo kwa wakati walikuwa viongozi wetu wenyewe na wafanyakazi wa mijini, ambao wangeweza kudai marekebisho. Kumficha adui jambo analolijua, na kumficha mwananchi jambo analopaswa kulijua, si ulinzi wa nchi.

Kazi hii haihitaji fedha za kigeni wala wataalamu kutoka nje. Inahitaji kada awe na tabia ya kugeuka. Akishapiga picha ya jukwaa, ageuke nyuma atazame uwanja, kisha atazame njia inayotoka uwanjani kwenda mashambani, na aifuate hadi amkute mtu ambaye hakuja mkutanoni, azungumze naye.